Chombo na Mkono Uliokiunda: Fikira juu ya Motokaa Mbili

Muhula uliopita wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walifanya mdahalo ambao mada yake ilikuwa nyepesi kwa kuisikia: kati ya motokaa mbili za kale zilizovuma duniani kupita nyingi nyinginezo, ipi yastahili sifa zaidi? Upande mmoja ulitetea Ford Model T, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1908. Upande wa pili ulitetea Volkswagen, lile gari la mviringo ambalo Wajerumani walilibandika jina la Käfer, yaani mbawakawa. Nakiri kwamba niliichagua mada hiyo kwa sababu za kisarufi tu. Nilitaka vijana wazoee kulinganisha: kuliko, kupita, zaidi ya, sawa na, ilhali. Wasemaji walijitahidi, na vilinganishi vikamiminika kama mvua ya masika. Hatimaye mwenyekiti alipowapa nafasi wasikilizaji, msichana mmoja aliyekaa safu ya nyuma alisimama akauliza: "Mwenyekiti, gari hili la pili liliagizwa na Hitler. Je, kitu kizuri kikitoka katika mkono mbaya, twaruhusiwa kukisifu?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Wasemaji wakatazamana. Kengele ikalia, nami nikaishukuru kimoyomoyo, maana sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu msichana yule, ingawa kwa kuchelewa. Nayaleta mbele ya walimu wenzangu kwa kuwa naona swali lake halihusu motokaa peke yake. Latuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili, kama nitakavyojaribu kuonyesha huko mbele.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuwafahamu washitakiwa.

Model T ilianza kuuzwa mwezi wa Oktoba 1908 kwa bei ya dola 850. Zama hizo motokaa ilikuwa pambo la matajiri wa mijini, na barabara za mashamba ya Marekani zilikuwa za udongo, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Henry Ford na mafundi wake waliunda gari la kufaa barabara hizo. Waliliinua juu ya ardhi ili lisikwame kwenye visiki na makorongo. Wakalifanya jepesi kwa kutumia chuma cha pua kilichochanganywa na vanadi, ambacho kilikuwa na nguvu bila uzito mwingi. Injini yake yenye silinda nne ilikuwa na ujazo wa lita 2.9 na nguvu ya farasi 20 tu. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 65 au 70 kwa saa.

Kuliendesha kulitaka mazoezi. Katika miaka ya mwanzo liliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, na hendeli hiyo iliweza kurudi kwa ghafla na kumvunja mtu mkono. Sakafuni palikuwa na pedeli tatu: ya kushoto kwa mwendo wa mbele, ya kati kwa kurudi nyuma, ya kulia kwa breki. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na petroli iliteremka kwenda kwenye injini kwa uzito wake yenyewe. Hivyo basi dereva aliyekuta mlima mkali, na tangi lake limepungua, alilazimika kuligeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume. Licha ya vituko hivyo, wakulima walilipenda. Mtu aliweza kuliinua gurudumu la nyuma, akalifunga mkanda, na gari lile lile lililompeleka kanisani Jumapili likamsagia nafaka au kumpasulia mbao Jumatatu.

Lakini jambo lililoibadili dunia ni namna lilivyoundwa. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford alianzisha mstari wa kuunganishia magari unaotembea: kazi ikamwendea mtu badala ya mtu kuiendea kazi. Kuunganisha fremu ya gari moja na mitambo yake kulikuwa kumechukua saa kumi na mbili na nusu; muda si mrefu kukachukua saa moja na nusu hivi. Bei ikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1925 gari la aina ya bei nafuu kabisa likauzwa kwa dola 260. Aidha, Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ule wa awali, na siku ya kazi ikapunguzwa kutoka saa 9 hadi saa 8. Pigeni hesabu wenyewe: mfanyakazi mwenye ujira huo angeweza kulinunua gari la dola 260 kwa ujira wa siku 52. Jambo la mfanyakazi kuweza kununua kile anachokiunda halikuwa la kawaida katika viwanda vya zama zile.

Hapo ndipo upande wa kwanza wa mdahalo ulipokomea, na makofi yakapigwa. Wasemaji hawakueleza kwa nini ujira ulipandishwa. Kazi ya mstarini ilikuwa ya kuchosha akili, mtu kukaza parafujo ile ile kutwa nzima, na wafanyakazi waliikimbia kwa maelfu hata kiwanda kikawa kinaajiri kila siku ili kuziba mapengo. Wala hawakueleza kwamba sehemu kubwa ya zile dola 5 ilitolewa kwa masharti. Kampuni ilikuwa na idara yake maalumu ambayo wakaguzi wake walizunguka majumbani kuchunguza kama mfanyakazi analewa, kama anaweka akiba, kama nyumba yake ni safi. Aliyeonekana hafai hakupata fungu lake mpaka ajirekebishe. Na kuna lililo zito zaidi. Kuanzia mwaka 1920 gazeti alilolimiliki Ford lilichapisha mfululizo wa makala za kuwachukia Wayahudi, na makala hizo zikakusanywa katika vitabu vilivyosomwa hata Ujerumani. Baada ya kushitakiwa mahakamani, Ford aliomba radhi mwaka 1927, mwaka ule ule Model T ilipofikia kikomo chake. Hata hivyo mwaka 1938, alipotimiza miaka 75, alikubali kuvishwa nishani ya serikali ya Hitler.

Sasa tuitazame Volkswagen. Mwaka 1934 mhandisi Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kubuni gari la watu wote, na Hitler akataka bei yake isifike marki 1,000. Porsche na wenzake walitoa chombo cha ajabu kwa usahili wake. Injini iliwekwa nyuma, juu ya magurudumu yanayoendesha, ili uzito wake uyasaidie kushika ardhi. Silinda zake nne zililazwa mbili huku na mbili huku, nazo zilipozwa kwa upepo, kwa hiyo gari halikuhitaji rejeta wala maji. Umbo lake la mviringo lilipasua hewa bila shida, na badala ya springi za mabamba, magurudumu yalibebwa na vyuma vinavyojinyonga ndani ya mirija. Injini ya miaka ya baada ya vita ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,131 na nguvu ya farasi 25. Ilipita Model T kwa nguvu za farasi 5 tu, ilhali ilikuwa chini ya nusu ya ujazo wake. Gari likaweza kwenda kilomita 100 kwa saa kutwa nzima bila kuungua.

Upo mwoano wa tarehe unaonishangaza. Tarehe 26 Mei 1927 gari la milioni kumi na tano la Model T lilitoka kiwandani. Tarehe 26 Mei 1938, miaka kumi na mmoja baadaye bila kupungua siku, Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda cha Volkswagen karibu na Fallersleben. Kiwanda hicho kilijengwa na chama cha kazi cha Wanazi, na sehemu ya fedha zake ilitokana na mali za vyama halali vya wafanyakazi zilizonyang'anywa mwaka 1933. Raia waliambiwa wanunue stempu za marki 5 kila wiki, wazibandike kwenye kadi, na kadi ikijaa watapewa gari. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Hakuna hata mmoja aliyepewa gari kwa mpango huo, kwani vita vilianza mwaka 1939, na kiwanda kikageuzwa kuunda magari ya jeshi na silaha. Waliofanya kazi humo wengi walikuwa watu wa kulazimishwa: raia waliokokotwa kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Jumla yao ilifika watu 20,000 hivi. Wanawake waliojifungua walinyang'anywa watoto wao, wakawekwa katika nyumba iliyoitwa ya malezi, na humo watoto wachanga walikufa kwa mamia.

Vita vilipokwisha kiwanda kiliangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza. Ofisa mmoja, Meja Ivan Hirst, alikuta magofu na mashine zilizosalia, akashawishi wakubwa wake kuagiza magari 20,000, na mwishoni mwa Desemba 1945 magari ya kiraia yakaanza kuundwa kwa wingi. Kuanzia hapo sifa yake haikurudi nyuma. Tarehe 17 Februari 1972 Volkswagen ya 15,007,034 iliundwa, nayo ikaivunja rekodi ya Model T kwa gari moja. Ya mwisho kabisa ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, mwezi wa Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464. Hata sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa mashahidi. Katika mbio za Safari, zilizopita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen iliibuka mshindi mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Gari lisilohitaji maji, lenye uzito wake juu ya magurudumu yanayosukuma, lilikuwa kama limebuniwa kwa ajili ya tope letu na jua letu.

Kwa upande wa ufundi, basi, naona hukumu si ngumu. Kila gari lilikuwa dawa ya ugonjwa wa zama zake. Model T ilimtoa mkulima kwenye upweke wa shamba. Volkswagen ilimpa karani, muuguzi na mwalimu chombo cha bei ya kadiri baada ya vita. Model T yapita nyingine kwa ujasiri wa kutangulia, kwani iliikuta njia haijafyekwa. Volkswagen yaipita kwa akili ya ubunifu na kwa kujua kujirekebisha. Ford alikataa kuibadili motokaa yake kwa muda mrefu hata wanunuzi wakahamia kwa washindani. Volkswagen ilibakiwa na sura ile ile, lakini ndani ilibadilishwa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Kama mdahalo ungekuwa wa mafundi, ningeupa ushindi upande wa pili.

Lakini msichana hakuuliza swali la mafundi.

Jibu la kwanza linalowajia watu wengi ni kwamba chombo hakina dhambi. Kisu hukata kitunguu na hukata koo. Kosa ni la mwenye kukishika. Injini haijui ni nani aliyeiagiza. Jibu hili lina ukweli usiopingika, na wanaolisema husema kwa nia njema. Udhaifu wake ni kuwa lajibu swali ambalo halikuulizwa. Msichana hakuuliza kama chuma kitaingia motoni siku ya kiyama. Aliuliza kuhusu kusifu, na kusifu ni tendo letu sisi. Nikikisifu chombo huku nimeyafumba macho nisione kilikotoka, kosa si la chombo tena. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni rahisi kuusifu ulaini wa kitanda kwa mtu ambaye hakulala humo.

Jibu la pili ni kinyume chake: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kilichotungwa na dhalimu kibaki kwa dhalimu, nasi tujitenge nacho. Jibu hili laonekana kuwa safi, na vijana hulipenda kwa sababu ya usafi huo. Lakini tulifuate hatua kwa hatua tuone latufikisha wapi. Tukiikataa Volkswagen kwa sababu ya Hitler, itatupasa kuikataa na Model T kwa sababu ya gazeti la Ford. Tukizikataa motokaa, itatupasa kuiacha na reli iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, kwani katika ujenzi wake walikufa vibarua kutoka Bara Hindi wapatao 2,500, na ilijengwa ili mkoloni aitawale nchi. Tutashuka garimoshini tutembee kwa miguu. Na barabara tutakayoikanyaga huenda nayo ilichimbwa kwa kazi za shuruti. Mwisho wake mtu huyo atabaki amesimama mahali pamoja, mikono yake safi, na hakuna hata mmoja aliyedhulumiwa atakayekuwa amefidiwa chochote.

Aidha, jibu la pili lasahau kwamba mikono iliyokiunda chombo ni mingi. Magari ya kiraia yaliyoundwa kabla ya mwisho wa vita hayakufika elfu moja. Yaliyobaki, zaidi ya milioni 21, yaliundwa baadaye na wafanyakazi wenye mishahara yao, wengi wao mwanzoni wakiwa wakimbizi waliopoteza makao. Kulilaani gari kwa jumla ni kuwalaani na hao. Vivyo hivyo, nani aliyeiunda Model T? Ni Ford peke yake, au na wale maelfu waliokaza parafujo hata mabega yakafa ganzi? Tumezoea kusema fulani alijenga, fulani aliunda, na sarufi yetu yaturuhusu kuweka nafsi ya umoja mahali ambapo haki ingetaka wingi.

Kwa hiyo nimejaribu kutafuta njia ya tatu, na neno lililonisaidia ni neno la sokoni: deni. Naona chombo hakirithi dhambi, lakini chaweza kurithi deni. Tofauti ya mawili hayo ni kubwa. Dhambi ni ya aliyetenda, naye akifa huenda nayo. Deni hukaa katika mali. Baba akifa ameacha shamba alilolipata kwa kumpunja jirani, mtoto wake hana hatia ya kupunja, maana pengine hakuwa amezaliwa. Hata hivyo akilishika shamba lile na kuyala mazao yake, ameshika pamoja nalo madai ya jirani. Hawezi kusema, "Mimi sikupunja." Amesema kweli, ila hajajibu.

Tukilitazama jambo kwa jicho hilo, tunaweza kuuliza juu ya chombo chochote maswali matatu. Kilikusudiwa nini? Kilipatikana kwa jasho la nani? Na ni nani ambaye bado anadai? Maswali mawili ya kwanza ni ya historia, na majibu yake hayabadiliki hata tukilia machozi. Swali la tatu ni la leo, na ndilo linalopima utu wa wale wanaofaidi.

Wale watu waliobandika stempu walidai. Baadhi yao waliipeleka kampuni mahakamani baada ya vita, na kesi ikasota kwa zaidi ya miaka kumi. Kampuni ilijitetea kwamba fedha zile hazikupita mkononi mwake. Mwaka 1961 walipatana: mwenye kadi apunguziwe hadi marki 600 akinunua gari jipya, au apewe marki 100 taslimu. Si malipo kamili, lakini ni kukiri kwamba dai lilikuwapo. Wale waliolazimishwa kufanya kazi walingoja zaidi. Ni mwaka 1998, zaidi ya nusu karne baada ya vita, ndipo kampuni ilipoanzisha mfuko wa kuwasaidia, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kampuni ilikuwa pia imemwita mwanahistoria kuichunguza habari yake ya miaka hiyo, na uchunguzi wake ukachapishwa kitabu. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee; nami naongeza kwamba malipo yanayochelewa humkuta mdai kaburini, na hapo linabaki jambo moja tu la kulipa, nalo ni kusema kweli juu yake bila kupunguza.

Wapo watakaonipinga wakisema: "Mwalimu, sisi tulionunua gari lililochakaa kwa mtu wa tatu au wa nne, tuna deni gani?" Nakubali kwamba deni halimwangukii kila mtu kwa uzito ule ule. Mwenye kiwanda ana deni la fedha. Mwenye kuendesha tu hana la fedha. Lakini mwenye kusifu, na hasa mwenye kufundisha, ana deni la ukweli. Akisimulia uzuri wa gari bila habari ya waliokufa karakanani, amewanyima hata kile kidogo ambacho kingeweza kuwafikia.

Hapa ndipo swali la msichana lilipoanza kunichoma mwenyewe. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tunatumia chombo ambacho nacho kina habari yake. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini kwetu kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile raia wengi walikisikia kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, kwenye kizuizi cha barabarani, kwa maneno machache: toka nje, lala chini, leta pesa. Mambo yamebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kipewe nafasi rasmi na kifundishwe mashuleni kwa lazima. Lakini kumbukumbu haifutwi kwa kifungu cha sheria.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alikuja shuleni kuomba mjukuu wake aondolewe katika somo langu. Nilimkaribisha kiti, nikamweleza kwa ufasaha wote niliokuwa nao kwamba lugha haina kosa. Kwamba Kiswahili ni lugha ya washairi wa Lamu na Mombasa karne nyingi kabla ya majenerali. Kwamba kinatuunganisha na majirani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, hayo yote ni kweli. Lakini mwanangu alichukuliwa kwa lugha hiyo." Akasimama, akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Kwa muda mrefu nilidhani mzee yule hakunielewa. Leo naona ni mimi ambaye sikumwelewa. Nilimpa jibu la kwanza, lile la kisu na kitunguu, ambalo ni kweli na halikumfaa kitu. Naye hakuniletea jibu la pili. Hakusema kwamba Kiswahili ni mtoto wa nyoka. Alikuwa anadai. Alitaka kabla sijamsifia chombo changu nitambue kwamba kiliwahi kupita mikononi mwa waliomuua mwanawe. Kama ningenyamaza kidogo nikamwambia, "Pole, Mzee, nisimulie," pengine angemwondoa mjukuu wake vile vile. Lakini angeondoka akiwa amelipwa hata senti moja.

Sisemi kwamba tufundishe kwa kuinamisha vichwa. Mwalimu anayeionea haya lugha yake hawezi kumpendezea mwanafunzi. Kiswahili kimebebwa na vinywa vingi, na wengi wao hawakuwa na bunduki: manahodha na wachukuzi, wauza samaki, wakunga, masheikh na makatekista, mama waliobembeleza watoto. Kama vile Volkswagen ilivyo ya wale waliolazimishwa na ya wale waliolipwa, ndivyo Kiswahili kilivyo cha wote waliokinena. Ninalosema ni kwamba sifa isiyokumbuka deni ni nusu ya sifa, na wanafunzi wetu wana masikio ya kuisikia nusu iliyokosekana. Yule wa safu ya nyuma aliisikia kabla yangu.

Basi jibu langu kwake ni hili. Ndiyo, twaruhusiwa kukisifu kitu kizuri kilichotoka katika mkono mbaya, kwa sharti tuutaje na mkono, tuwataje na wale waliobanwa na mkono huo, kisha tuulize kama yupo anayedai hata sasa. Akiwapo, sifa zingoje mpaka asikilizwe. Ikiwa masharti hayo yametimizwa, Volkswagen ni gari zuri, na Model T ni gari zuri, na mwanafunzi aweza kuvitumia vilinganishi vyake vyote bila woga.

Muhula ujao nakusudia kuurudisha mdahalo ule darasani, safari hii nikimpa msichana yule nafasi ya kufungua. Huenda atalibomoa jibu langu, maana sijui nifanyeje pale ambapo wadai ni wengi na madai yao yanagongana, au pale mdai anapokataa malipo yoyote. Walimu wenzangu walio Kenya, Tanzania, Kongo na kwingineko, ambao chombo chetu hiki kina habari nyingine kwao, nawaomba wasiniachie swali hili peke yangu. Kurasa za jarida letu ni baraza. Na waje, waketi, wanisahihishe.